Kifua cha Kuazima

Sura ya Tano

"Aliyepigwa picha hii hajafa," alisema daktari. "Na aliyekufa hajapigwa picha."

Sajenti Wegesa alisogelea kisanduku cha taa kilichotundikwa ukutani. Picha ya kifua ilikuwa imebanwa pale, mbavu zimejipanga kama fito za paa, na kati ya ubavu na ubavu palikuwa na weusi mtupu, ule weusi safi ambao madaktari wanaupenda. Pembeni jina lilisomeka kwa herufi nyeupe: HELENA MASATU. Mwenye jina alikuwa chumba cha pili. Alikuwa amekwisha mwili, hata shuka lililomfunika lilionekana kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu.

"Una hakika, daktari?"

"Nimempasua mwenyewe asubuhi hii. Pafu la kulia lina shimo, ngumi inaingia. Kifua kikuu. Shimo kama lile halichimbwi kwa mwezi, Sajenti, lile lilianza mwaka jana. Picha hii ni ya Aprili, leo tuko Juni. Kama kifua hiki ni cha Helena, basi mimi nilisomea uashi."

Inspekta Makongoro, mkuu wa upelelezi pale Musoma, alikuwa amesimama mlangoni na leso puani. Ndugu wa marehemu walikuwa wametoka Guta wanalia kwamba binti yao amelishwa sumu, ndiyo maana polisi wakaitwa. Sasa sumu haikuonekana, na Inspekta hakupenda kusimama karibu na maiti bila sababu.

"Habari yenyewe nyepesi," alisema. "Mumewe anafanya kazi kiwandani, Ujerumani Magharibi. Amemwita mkewe amfuate. Kule mgeni hapewi kibali cha kukaa mpaka awe na bima ya ugonjwa, ili akiugua asiwe mzigo wa watu. Na wenye bima hawamwandiki mtu anayetoka nje mpaka waone picha ya kifua chake. Huyu mama alijijua mgonjwa, akanunua picha safi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Alinunua kwa nani?"

"Kwa nani tena? Mpiga picha hospitalini hapa ni mmoja. Kamhoji."

Mpiga picha aliitwa Boniphace, mtu wa Songea, mwembamba, vidole vimekuwa vya kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Wegesa alimkuta kwenye chumba chake cha giza, taa nyekundu inawaka. Hakumpa nafasi ya kukaribisha.

"Umeuza picha ya mtu."

"Mimi?"

"Au umebadilisha jina. Chagua moja."

Boniphace hakuchagua. Alivuta droo, akamwaga mezani herufi ndogondogo za madini ya risasi, zikalia kama kokoto. "Sajenti, jina haliandikwi baadaye. Herufi hizi nazipanga juu ya sahani ya picha kabla sijawasha mashine. Risasi haipitishi mwanga. Jina na mbavu vinatoka pamoja, pigo moja. Nikitaka kubadilisha jina, nibadilishe na mbavu."

Wegesa aliokota herufi moja, akaipima uzito kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake.

"Kwa hiyo aliyesimama hapa alitaja jina la Helena kwa mdomo wake."

"Alisema, naitwa Helena Masatu. Ningemwambia hapana?"

"Alikuwaje?"

"Mwanamke."

"Boniphace."

"Dada yangu, humu ndani giza. Wanakumbatia sahani ukutani, mimi wananipa mgongo. Vifua navikumbuka, sura sizijui."

"Basi nikumbushe kifua." Wegesa aliinua ile picha kwenye taa, akaweka kidole pale shingo inapokutana na mabega. Palikuwa na vitu vidogo vyeupe, vimepangwa kwenye mstari wa duara. "Hivi ni nini?"

"Ah, hivyo. Vifungo. Nilimwambia avue kila kitu cha shingoni, akagoma. Akasema bora arudi kwake. Nikaona haviko juu ya mapafu, nikamwacha."

"Kifungo gani kina meno?"

Boniphace aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa picha. Kweli, kila kimoja kilikuwa na mpasuko katikati, na mpasuko una meno pande zote mbili. Cha katikati kilikuwa kimevunjika ncha.

"Simbi," alisema Wegesa. "Wale konokono weupe wa pwani. Nionyeshe picha nyingine za wanaokwenda Ujerumani."

"Iko moja tu."

Akaileta. Jina lilikuwa ESTA WANZAGI. Mbavu safi, weusi safi, na shingoni duara lile lile la simbi, ya katikati imevunjika ncha. Boniphace alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nimempiga mtu mmoja mara mbili," alisema.

"Kifua kimoja, majina mawili. Esta mwenyewe yuko wapi?"

"Cheti chake alikichukua bwana mmoja wa Mwisenge hapa mjini, Clementi, ndiye anayewashughulikia mambo ya bima. Alisema wanasafiri wiki hii hii."

"Esta peke yake?"

"Na mtoto wa kunyonya. Mtoto mchanga hatumpigi picha kwa ajili ya cheti, anaandikwa chini ya mama. Mama akiwa safi, na mtoto safi."

Wegesa alizifunga picha zote mbili kwenye gazeti. Mahali fulani katika mkoa ule palikuwa na mama ambaye kifua chake hakijaonwa na mtu, na mtoto ambaye alikuwa anapita kwa kifua hicho hicho kisichoonwa. Wakishapanda ndege hakuna mpelelezi wa Musoma atakayewafikia.

Kwao Wegesa, Tarime, simbi hazikuwa na maana yoyote. Lakini alikuwa amekaa Musoma miaka ya kutosha kujua kwamba huku kwa watu wa ziwani, mwanamke aliyejifungua pacha huvalishwa simbi siku watoto wanapotolewa nje, na hazivui mpaka pacha waanze kung'oa meno ya utoto. Akizivua mapema, wanasema, pacha mmoja atamfuata aliyezitengeneza, na aliyezitengeneza huwa ni bibi aliyekwisha kufa. Mama wa namna hiyo, hata ukimwekea bunduki, hakuvulii.

Kwa hiyo alipofika Mwisenge na kukuta nyumba ya Clementi imefungwa, hakuuliza mgonjwa. Hakuuliza hata mwanamke. Aliuliza pacha. Mwanamke unaweza kumficha ndani, lakini pacha ni tangazo, mtaa mzima unawajua. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa na wa kuhamia vijijini, na foleni ya unga wa njano ilikuwa imezunguka duka la ushirika. Wakamwonyesha kwa mkono mmoja tu. "Mama Kulwa? Yule pale mwenye sauti."

Aliitwa Tereza. Pacha wake wawili walikuwa wamekaa juu ya debe tupu, wanagombania kipande cha muwa.

"Karibu, dada polisi! Umekuja kupanga foleni au umekuja kuikamata?"

"Nimekuja kuangalia simbi zako."

"Yesu! Nyie Wakurya, ng'ombe za watu zimewaishia, sasa mmehamia kwenye simbi?"

Foleni nzima ilicheka. Wegesa naye alicheka, kwa sababu mtu akishacheka na wewe, kukunyamazia kunamwia vigumu. Halafu akainama karibu na shingo ya Tereza. "Ya katikati imevunjika."

"Huyo Doto aliing'ata wakati anaota meno. Kwani vipi?"

Wegesa alimshika mkono, akamsogeza kando ya ukuta. "Mwezi wa nne ulisimama mbele ya mashine ya picha hospitalini. Mara mbili. Kwa majina ya watu."

Tereza hakukana. Wala hakuinamisha macho.

"Nilisimama. Kuna ubaya? Nimewaokoa wenzangu."

"Umewaokoa na nini?"

"Na hiyo mashine. Si inakausha? Mwanga ule ukikupiga mimba inatoka, na kama unanyonyesha, maziwa yanakatika. Esta ana mtoto mchanga, Helena anatafuta mtoto miaka yote hajapata. Clementi alitwambiaga kila siku, na yeye aliwahi kuwa karani wa zahanati, anajua. Ndiye alisema atafutwe mama wa pacha. Tumbo lililotoa wawili kwa mkupuo, taa itakausha nini? Nikaona ni kweli. Akanipa debe la unga, nikaenda."

"Kwa hiyo hawakuwa wanaficha ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Helena alikuwaga na kikohozi cha vumbi la pamba, si alifanya kazi jineri, kule kwenye kuchambua pamba, Bunda. Alitaka hata kwenda kuonwa. Karatasi iliporudi imeandikwa hana kitu, akasema ya nini tena, nipoteze siku nzima kwenye benchi, na picha imeshasema mimi mzima?"

Inspekta alikuwa amekosea, na Wegesa alikuwa amekosea pamoja naye. Helena hakuficha maradhi. Yeye ndiye aliyefichwa maradhi yake. Akina mama wanaofikiri karatasi ni kinga wajue hilo: karatasi haina masikio, haikumsikia Helena akikohoa.

"Tereza. Picha iliyosema mzima ilikuwa ya kwako wewe."

"Najua. Si nimekwambia..." Hapo maneno yalimkatika Tereza. Macho yalimtoka taratibu. "Helena yukoje?"

"Amekufa. Kifua kikuu."

Tereza aliteremka na ukuta mpaka akakaa chini, vumbini, na khanga yake nzuri. Foleni iliacha kucheka.

"Walikuwa wanalala chumba kimoja na Esta," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Hapo kwa Clementi, jirani na mimi, muda wote walipokuwa wanasubiri karatasi, kabla Helena hajarudi kwao Guta. Mtoto wa Esta alikuwa anashinda kwa Helena. Alimpenda, unajua asiyejaliwa anavyopenda cha mwenzake. Alikuwa anamtafunia kiazi, anamlisha mdomo kwa mdomo."

"Na watoto wa Clementi? Walikuwa wanacheza naye?"

"Wale hawakuwepo. Aliwapeleka kwa bibi yao Majita, siku ile ile Helena alipoingia. Alisema nyumba imejaa."

"Esta yuko wapi sasa?"

"Alikwenda kuwaaga wakwe zake, Butiama. Basi la Mwanza watapandia Bunda, yeye na Clementi." Tereza alitazama jua. "Leo, dada. Ni leo."

Petroli mwaka ule ilikuwa ya kupimiwa. Inspekta Makongoro alitia saini ya kwenda Butiama na kurudi, basi.

"Ukipitiliza mpaka Bunda utarudi kwa miguu."

"Nitarudi kwa miguu, afande. Helena hakuficha kitu."

"Aliyeficha ni nani?"

"Aliyewapeleka watoto wake Majita."

Alipofika kwa kina Wanzagi alikuta kuta zisizo na paa. Nyasi za paa zilikuwa zimechomwa, jiwe la kusagia limebaki peke yake uani, na mtu aliyekuwa anapita na ng'ombe akaonyesha kwa fimbo kule kwenye kijiji kipya. Huko nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama madawati ya shule, udongo bado mbichi, watu hawajazoea kutazamana mlango kwa mlango. Balozi wa nyumba kumi ndiye alimfikisha kwa Mama Hana, mama mkwe wa Esta. Alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni habari ya kuhama, tumeshahama. Au kuna kuhama kwingine?"

"Nimemfuata Esta."

"Esta hayupo. Ameondoka juzi. Sasa hivi yuko huko angani na mawingu."

Wegesa alizunguka nyumba. Nyuma kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kitambaa cha mtoto. Alikishika, akakikamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, juzi mvua ilinyeshea kitambaa kimoja tu?"

Mama Hana aliweka ungo chini.

"Niache, mwanangu. Mwanangu Apolinary ameandika kwa mkono wake. Bima yake huko wameshamfungulia jina la mke na mtoto. Mke asipofika kabla mwezi haujaisha, jina linafutwa, na kuanza upya ni mwaka. Mwaka mzima mwanaume yuko peke yake kwenye baridi ya Wazungu. Nitampata tena? Wewe una mtoto wa kiume?"

"Ninaye. Mjukuu wako haumwi?"

"Ni meno tu."

"Usiku analala?"

"Jasho. Nguo zote zinalowa. Na anakohoa kidogo, kakikohozi ka paka. Ameacha kunenepa, lakini ni meno." Alichukua mtama kidogo mkononi, akauacha uanguke. "Ni meno, si ndiyo?"

"Mama, Helena amekufa. Yule aliyekuwa analala na mtoto wenu. Amekufa na kifua."

Bibi hakupiga kelele. Alisimama, akaonyesha barabara kwa ungo wake.

"Lori la pamba la Bunda. Waliondoka jua likiwa pale. Kimbia, mwanangu, usinisubiri nimalize kusema."

Bunda basi la Mwanza lilikuwa limeshawasha injini, limetazama barabara. Upande wa pili jineri ilikuwa inanguruma, na manyoya ya pamba yalikuwa yanaelea hewani, yanatua kwenye nywele za watu. Dereva wa Landrova ya polisi alilisimamisha gari mbele ya basi, puani kabisa.

"Nani mwenda wazimu huyo!" alipiga kelele kondakta.

Wegesa alipanda. Clementi alikuwa kiti cha nyuma ya dereva, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, sura ya mtu ambaye hajawahi kukosea. Dirishani alikaa Esta, msichana bado, macho makubwa, mtoto kamfunga kifuani kwa kitenge.

"Clementi, shuka. Na wewe mama, shuka na mtoto."

"Kwa kosa gani, ndugu Sajenti?" Clementi alitabasamu. "Mimi namsindikiza shemeji. Kila kitu chake kiko kisheria."

"Mimi sishuki," alisema Esta. Alikuwa ameshatoa cheti kifuani. "Angalia. Muhuri huu hapa. Kifua changu kizima, kimeandikwa. Mume wangu ananisubiri."

"Kifua kilichoandikwa hapo ni cha Tereza."

Abiria wote walimgeukia Esta.

"Mama, shuka au kaa, dizeli inaungua!" alisema kondakta.

Walishuka. Clementi alifuta kiti cha jiwe pale stendi kwa leso kabla ya kukaa.

"Haya, ameazima kifua," alisema. "Ni kosa, atozwe faini. Lakini sijasikia mtu aliyekufa kwa kuazima."

"Helena amekufa."

Esta alitoa sauti fupi. Clementi alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali. "Mungu amlaze. Mimi si daktari, ningejuaje?"

"Watoto wako wako wapi?"

"Majita, kwa bibi yao. Nyumba ilijaa wageni."

"Nani alitangulia kufika kwako, Esta au Helena?"

"Esta."

"Alikuja Esta na mtoto wake, watu wawili, nyumba haikujaa. Akaja Helena, mtu mmoja, ikajaa?"

Esta alikuwa anamtazama Clementi. Alisema polepole, kama anayejikumbusha ndoto:

"Kumbe ndiyo maana ya kile kikombe."

"Kikombe gani?" aliuliza Wegesa.

"Helena alikuwa na kikombe chake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Shemeji alisema mwingine asikinywee, Helena ni mgeni wa heshima. Kilikuwa kinaoshwa peke yake, kwa maji ya moto. Tulikuwaga tunamcheka, tunamwita Malkia." Alimgeukia Clementi. "Shemeji. Ulijua?"

"Esta, sikiliza. Ningewaambia ukweli, yeye angelazwa na wewe ungeogopa. Bima mngeikosa wote wawili. Nilikuwa nawasaidia."

"Nakuuliza ulijua?"

"Alitema damu mara moja tu. Siku ya kwanza. Nikafikiri..."

"Watoto wako ukawapeleka Majita," alisema Esta. "Wangu ukamwacha analala kifuani kwake."

Clementi aliangalia kalamu zake. Wegesa alimtia pingu. Clementi alikuwa amekwisha kusema yote mwenyewe, mbele ya kondakta, dereva na nusu ya stendi ya Bunda. Basi lilipita pembeni ya Landrova, likaenda zake Mwanza na viti viwili vitupu.

Meneja wa jineri alimwangalia mtoto mara moja tu, akawapa petroli ya kurudia.

Jua lilikuwa limeshaegemea ziwani walipofika hospitalini. Inspekta Makongoro alimpokea Clementi, akamsikiliza Wegesa mpaka mwisho, akavua kofia.

"Kesi ya kughushi tunayo," alisema. "Hiyo nyingine, ya kumwacha mtu afe huku unajua, mwanasheria atatwambia inaitwaje."

"Mimi naijua inavyoitwa, afande."

Mlangoni kwa Boniphace, Esta aligoma. Alishika fremu kwa mikono yote miwili.

"Nikikauka maziwa atanyonya nini?"

"Maziwa hayana habari na mwanga huu," alisema daktari. "Mwenye mimba hutwambia, tunajua la kufanya. Wewe una mimba?"

"Sina."

"Basi anayekudhuru ni aliyekutisha. Ingia."

Aliingia. Akakumbatia sahani kama alivyoambiwa, akavuta pumzi, akazuia. Mashine ikalia mara moja, kama mlango unaofungwa. Baadaye daktari aliitundika picha ikiwa bado inadondosha maji, akaiangalia kwa muda mrefu, juu, chini, kona kwa kona.

"Safi," alisema. "Na hiki ni cha kwako."

Esta alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge. "Yaani ningesimama mwenyewe..."

"Ungepita."

"Na Helena angesimama mwenyewe?"

Daktari alikuwa anamtazama mtoto. "Tungemwona Aprili. Angelazwa, angechomwa sindano. Asingelala chumba kimoja na mtoto."

Esta hakucheka tena. Alimfungua mtoto. Aliitwa Ngolo, jina la babu mzaa baba, na jina lilikuwa kubwa kuliko yeye. Daktari alimgusa shingoni, akapapasa vivimbe chini ya taya, akaweka sikio la chombo chake cha kusikilizia kifuani, akalitoa, akaliweka tena.

"Huyu naye tumpige," alimwambia Boniphace.

Boniphace alikuna kichwa. "Mama, mtoto mdogo hajui kuambiwa vuta pumzi. Tunamsubiri alie. Akilia sana anavuta ile pumzi ndefu, hapo ndipo nabonyeza. Utamshika mikono juu, hivi. Usimbembeleze."

Esta alimshika mikono juu. Walisubiri. Ngolo hakulia. Alilegeza kichwa upande, akawaangalia watu wazima mmoja mmoja, amechoka kama mzee aliyetoka shamba.

"Huwa halii?" aliuliza Wegesa.

"Alikuwa analia. Siku hizi ametulia. Nilikuwa nawaambia watu mtoto wangu amekuwa mpole." Esta aliinama sikioni kwa mtoto. "Lia, baba. Lia, mwanangu. Nimekunyamazisha vya kutosha, sasa lia." Akamfinya paja. Akamfinya tena, kwa nguvu, machozi yake mwenyewe yanadondokea juu ya sahani.

Ngolo akalia. Kilio kilikuwa chembamba, lakini pumzi iliyofuata ilikuwa ndefu. Boniphace akabonyeza.

Picha ilipotundikwa, Esta alikuwa wa kwanza kusogea. Mbavu zilikuwa ndogo, nyembamba kama miiba ya dagaa. Lakini kati ya mbavu hapakuwa na weusi. Upande mmoja wote, na nusu ya wa pili, palikuwa na weupe uliotawanyika, laini, vipande vipande.

"Hiyo pamba ni ya nini?" aliuliza.

Boniphace alianza kuokota herufi zake za risasi mezani, moja moja.

"Ndio ugonjwa wenyewe, mama," alisema daktari. "Ndege hapandi. Bima ya kule hawatamwandika, na hata wangemwandika, hafiki. Anahitaji sindano kila siku na vidonge, miezi mingi, hapa hapa, na wewe ukae naye."

"Wanapona?"

"Wengine. Wakiwahiwa."

"Lini anaanza?"

"Kesho asubuhi. Mwenye ufunguo wa stoo ya dawa ameshakwenda kwake."

Esta alimfunga tena mtoto kifuani, polepole, akakaza fundo la kitenge mpaka vidole vyake vikawa vyeupe. Halafu akakaa chini, palepale sakafuni, mgongo kauegemeza mlangoni, hakuna wa kutoka wala wa kuingia bila kumruka.

"Kesho ni ya nini?" alisema. "Aprili mmeshaipoteza. Mei mmeshaipoteza. Niitieni mwenye ufunguo."

Daktari alimtazama Wegesa.

"Anakaa wapi?" aliuliza Wegesa, na alikuwa ameshavaa kofia.